Bibi Haitiki

Asubuhi, baada ya kumwogesha mama yake na kumketisha kwenye kiti kando ya kitanda, Mchoraji alijifunga kibwebwe akakaa mbele ya kompyuta ya nyumbani. Kazi yake ni kuchora ramani za majengo. Michoro yote iko ofisini, ndani ya kompyuta moja kubwa ya zamani. Inawaka kwa kujivuta na inakoroma, kwa hiyo wenzake wameipa jina la Bibi. Si utani wa mdomoni tu. Hata kwenye mtandao wa ofisi inajulikana hivyohivyo: bibi.

Mama yake alikuwa amevunjika nyonga. Alihamia kwa bintiye ili auguzwe, na bado hakuweza kuinuka bila kushikwa. Bosi alimruhusu Mchoraji afanyie kazi nyumbani, lakini kwa sharti.

"Ukiweza kuiendesha kompyuta ya ofisini ukiwa huko, sawa," alimwambia. "Ikifika Ijumaa hujaweza, Jumatatu nakutaka ofisini."

Na leo ndiyo Ijumaa. Mchoraji akirudi ofisini, mama atabaki na nani? Itabidi apelekwe kwa shangazi, mbali, akauguzwe na watu asiowazoea. Mchoraji hakutaka hata kulifikiria jambo hilo.

Aliwasha VPN. Hiyo ni programu inayofungua njia ya faragha ndani ya intaneti, kutoka nyumbani hadi ofisini, ili watu wa nje wasichungulie. Alama ya kijani ikawaka. Kisha akafungua programu ya pili, ile ya kuendeshea kompyuta iliyo mbali. Akaandika jina: bibi. Akasubiri, akasubiri tena. Kompyuta haikupatikana.

"Bibi haitiki," alisema kwa hasira.

"Nani kasema siitiki?" mama yake alijibu kutoka chumbani. "Mbona hamjaniita?"

Mchoraji alicheka bila kupenda. Wajukuu wote humwita mama yake Bibi.

"Si wewe, mama. Ni kompyuta ya kazini."

"Ilikuwa inakubali kabla sijaja hapa," mama alisema polepole. "Uliniambia mwenyewe."

"Mama, tafadhali usianze."

Lakini maneno yale yalimchoma, maana yalikuwa kweli. Wiki iliyopita alijaribu na ikakubali papo hapo. Sasa alikuwa amezima na kuwasha kila kitu. Alikuwa amefuta programu na kuiweka upya. Alijaribu hata kuzima VPN, ikawa ndiyo amefunga mlango kabisa. Kichwa kilimuuma, ila kukata tamaa hakukuwa kwake. Alichukua simu akampigia fundi wa mitandao wa ofisini.

Fundi huyo wanamwita Kwanini, kwa sababu hagusi kitu kabla ya kuuliza hivyo.

"Kwa nini umefuta programu?" aliuliza.

"Nilidhani imeharibika."

"Ulidhani. Sasa tusidhani, tupime. Tunabadilisha kitu kimoja, tunaangalia, ndipo tunakwenda kingine. VPN ina alama ya kijani?"

"Ndiyo."

"Sasa usiandike jina. Andika namba hizi." Akamtajia.

Mchoraji aliandika. Kioo kikabadilika, na michoro yake ikatokea yote, kama alivyoiacha.

"Imefunguka, kaka! Basi niwe naandika namba tu."

"Namba hubadilika. Siku ikibadilika utarudi kunililia. Lakini tumejifunza kitu. Njia ni nzima na kompyuta ni nzima. Kibovu ni jina."

"Jina linaharibikaje?"

"Sikiliza, dada. Sisi tunakumbuka majina, kompyuta zinafuata namba. Kwa hiyo lazima awepo wa kuulizwa: jina hili namba yake ipi? Huyo anaitwa DNS. Ofisini tunaye wa kwetu. Na hapo kwako, kile kisanduku cha intaneti nacho hufanya kazi hiyo. Ukiwasha VPN, kompyuta yako inakuwa na wawili wa kuwauliza. Inamwamini anayewahi kujibu."

"Na wa nyumbani yuko karibu, ndiye anayewahi."

"Umenielewa. Sasa muulize. Fungua dirisha la amri, andika ping, ile amri ya kuita kompyuta, acha nafasi, andika bibi. Nisomee namba inayotokea."

Mchoraji alimsomea.

"Hiyo si ya ofisi," Kwanini alisema. "Hiyo ni ya humo nyumbani mwako. Kuna kitu hapo kinaitwa bibi?"

Mchoraji aligeuka. Mlango ulikuwa wazi. Mama yake alikuwa na simu mkononi, ile aliyonunuliwa na mdogo wake Mchoraji. Aliyeinunua ndiye aliyeitayarisha, na jina aliloipa ni lile wanalomwita wajukuu: bibi. Tangu mama ahamie, simu hiyo ilikuwa inatumia intaneti ya nyumba hii.

"Kumbe muda wote nabisha hodi kwenye simu ya mama," alisema.

Kwanini alicheka mpaka akakohoa. Mama hakucheka.

"Basi ni mimi," alisema. "Nitaizima hii simu, isikuharibie kazi."

Kwanini alimsikia. "Mwambie asizime. Simu haina kosa. Leo tukiibadili jina, kesho atakuja mgeni na nyingine kama hiyo. Kosa ni letu, tunatumia jina fupi. Bibi ni wengi."

Akaeleza la kufanya. Mchoraji aandike jina kamili: bibi, nukta, kisha jina la mtandao wa ofisi. Yeye Kwanini angeipanga VPN ili majina ya ofisi yaulizwe kwa DNS ya ofisi peke yake.

"Tayari," alisema baadaye. "Zima VPN, uiwashe ipokee mpango mpya. Halafu futa majibu ya zamani, maana kompyuta hukumbuka hata lililo kosa." Alimtajia amri ya kufuta, herufi kwa herufi. "Sasa jaribu."

Mchoraji aliandika jina kamili. Michoro ikatokea. Akafunga, akafungua tena. Ikatokea tena, na simu ya mama ilikuwa inawaka vilevile.

Alichora bila kuinua kichwa. Mchoro wa ngazi ulipokamilika, aliutuma na kumpigia bosi.

"Jumatatu sitakuja ofisini," alisema. "Tazama kazi yangu ya leo."

Bosi aliufungua mchoro. "Nimeiona. Baki hukohuko."

Mchoraji aliingia chumbani kwa furaha kumpa mama habari. Kando ya kiti, chini ya shuka, aliona begi. Lilikuwa limejaa nguo zilizokunjwa vizuri.

"Nilikuwa nakusikia ukihangaika," mama alisema. "Nikampigia shangazi yako, nikamwambia Jumatatu anipokee."

Mchoraji alipiga magoti, akafungua begi, akaanza kurudisha nguo kwenye rafu ya chini, ile mama anayoifikia akiwa kitini.

"Mpigie tena," alisema. "Mwambie huendi popote."