Anayetaka Mwisho Anifuate Lodwar

Haya yalimpata Ekuru, jirani yetu wa Lodwar, na kama unamfahamu Ekuru utadhani ni mzaha wake mwingine. Ekuru ni mkutubi wa watoto katika maktaba ya umma. Mwanaume mzima mwenye kitambi na mvi, kazi yake ni kuiga fisi mbele ya watoto wa chekechea. Aliosoma nao ni maafisa wenye magari na viyoyozi. Yeye akipita sokoni, watoto humfuata wakilia kama fisi, naye huwajibu papo hapo mbele ya wakwe zake.

Kila Alhamisi alikuwa akipakia masanduku ya vitabu kwenye pikapu na kwenda kuwasomea watoto wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Na alikuwa na ujanja wake. Hadithi ikifika pale patamu kabisa, anafunga kitabu, pap! Watoto wanapiga kelele: "Halafu? Halafu, mwalimu?" Naye huyo, anapanda pikapu akicheka: "Anayetaka mwisho, anifuate Lodwar!" Wiki inayofuata wanarudi wote, tena na wenzao.

Aliyenogewa kuliko wote alikuwa Nyakong, binti wa Nyaluak, mama aliyeuza chai kando ya ukumbi wa kusomea hadithi. Binti alikaa mbele kabisa, nusura avikalie viatu vya Ekuru. Siku moja hadithi ilikuwa ya msichana aliyeteremka kisimani kumtafuta mwanambuzi wake, na kamba ikakatika. Pap! Kusema kweli, siku hiyo hapakuwa na ujanja wowote. Kurasa za mwisho zilikuwa zimeliwa na mbuzi wa Ekuru mwenyewe, na aibu ilimzuia kusema.

Kisha mvua ikanyesha milimani, mito ikafunga barabara, Alhamisi zikapita bila safari. Alipofika tena Kakuma, alimkuta Nyaluak ameketi mbele ya jiko lisilo na moto.

"Ejok, Mama Nyakong," akamsalimu. "Leo umetunyima chai?"

"Nyakong alienda, mwalimu. Homa."

Ekuru akatafuta mahali pa kuweka mikono yake.

"Alikuwa anauliza wewe," Nyaluak akasema taratibu. "Huyo msichana ya kisima, alitoka? Mimi nasema ngoja, mwalimu anakuja. Akangoja. Hata akifunga macho, alikuwa anangoja."

Ekuru aliingia ukumbini akawasomea watoto hadithi nyingine. Mbele, pale karibu na viatu vyake, hakuna aliyekubali kukaa. Alipofunga kitabu, mdomo ukajiendea wenyewe, kama ulivyozoea.

"Anayetaka mwisho, anifuate Lodwar!"

Hakuna aliyecheka. Watoto wote waligeuza vichwa pamoja, taratibu, kama wanaomsindikiza mtu kwa macho kutoka pale mbele hadi kwenye pikapu.

Siku chache baadaye Nakeno, binti pekee wa Ekuru, akashikwa na homa. Hospitalini wakapima malaria, hakuna. Wakapima damu, wakapima choo, hakuna kitu. Dawa zikaingia, homa haikushuka. Akina mama wa kanisa wakaja kuomba, wakaimba mpaka sauti zikakauka. Mtoto akazidi kuisha. Carol, mkewe, alimbeba kama anavyobeba nguo za kufua, bila kuhisi uzito.

Mchana mmoja, jua limeunyamazisha mji mzima, Ekuru alikuwa akimpepea kwa jalada la kitabu. Nakeno akafumbua macho.

"Mwalimu," akasema. "Halafu?"

Nakeno hajawahi kumwita baba yake mwalimu. Na sauti ile haikuwa yake. Ekuru aliijua. Alikuwa ameisikia Alhamisi nyingi, karibu na viatu vyake.

Carol akashika fremu ya mlango. "Baba Nakeno," akanong'ona. "Huyo ni nani anaongea?"

"Halafu?"

Kila alipouliza, kifua kilichelewa zaidi kupanda. Midomo ilikuwa inageuka rangi ya majivu.

"Anataka nini? Mpe! Chochote, mpe!"

"Anataka mwisho wa hadithi, Carol. Siujui. Mbuzi alikula."

Siku nyingine yoyote, Carol angecheka mpaka akae chini.

Ekuru akapiga magoti kando ya kitanda. Akabuni. Msichana akatupiwa kamba nyingine, akatoka na mwanambuzi wake, kijiji kizima kikacheza ngoma.

"Hapana," sauti ikasema. Kifua kikatulia. Kikakaa. Kikapanda kwa shida.

Akabuni tena. Maji yakajaa, yakamwinua mpaka juu.

"Hapana, mwalimu."

Mkono wa Nakeno ulikuwa wa baridi sasa, katika joto lile la Lodwar. Ekuru alilia kwa sauti, yule mtu wa kuiga fisi. Halafu akaacha kubuni.

"Hakutoka," akasema. "Kamba ilikatika na hakuna aliyefika. Waliopaswa kufika walichelewa. Mama yake alikaa juu akamwita mpaka jua likazama, naye akasikia, lakini hakuweza kujibu. Alikuwa mtoto mzuri. Hakukosea chochote. Alingoja tu."

Kifua kikapanda kidogo.

"Halafu?" Safari hii pole pole sana.

"Halafu basi. Huo ndio mwisho. Pumzika, mwanangu."

Nakeno akashusha pumzi ndefu. Akageuza uso kuelekea dirishani, akainua sauti kidogo, kama mtoto anayewasemea wenzake darasani.

"Walio nyuma wanasema hawakusikia. Rudia."

Ekuru akarudia. Sauti kubwa, ile ya ukumbini, kila neno, mpaka mwisho. Alipomaliza, jasho lilikuwa limetoka kwenye paji la uso la Nakeno. Jasho la kweli, la homa inayoshuka. Mtoto akalamba midomo.

"Baba, nataka uji."

Sauti yake mwenyewe. Carol akamkumbatia akilia na kucheka pamoja. Ekuru akatoka nje mbio kuwasha moto.

Hakuuwasha.

Uwanja ulikuwa umefagiwa asubuhi, mchanga laini kabisa. Sasa ulikuwa na alama kuanzia chini ya dirisha hadi kwenye ua wa miiba. Vishimo vidogo vya mviringo, safu kwa safu, kila kimoja na alama mbili za visigino mbele yake. Makalio ya watoto walioketi wakielekea dirishani. Hapakuwa na unyayo wa kuja. Hapakuwa na wa kuondoka.

Upepo haukuwepo. Lakini kwenye safu ya nyuma kabisa, kando ya miiba, mchanga ulikuwa bado unabonyea.