Besi la Bartholomayo

Besi la kwanza, zeze kubwa la sauti nzito, lilikuwa na ufa mgongoni. La pili lilishaliwa shingo na mchwa. La tatu, pale Mbamba Bay, lilivuma kabla Pankras, mwalimu wa kwaya, hajaligusa.

"Umesikia?" alinong'ona mkewe, Kunigunda.

"Upepo huo," alijibu Pankras kwa hasira. Siku tatu anazunguka, jamani! Soko huria limejaza Mbinga mitumba na redio, na wanaume wote wa sauti ya nne, ile nzito, katika kwaya yake limewavuta Songea kuchuuza. Jumapili ni jubilei ya parokia. Kwaya ya Kingerikiti ikiimba bila besi itachekwa hadi kule Ukata.

Zabron, mwenye nyumba, hakulisogelea zeze lile refu kuliko mtu. "La marehemu kaka yangu, Bartholomayo. Alizama ziwani, mwili hatujaupata. Mwalimu, vitu vya marehemu havitoki kabla ya kuanua matanga."

"Mtaanua lini?"

"Akipatikana."

"Mpaka kiama, basi! Mimi nina Jumapili, bwana!"

Kunigunda alimvuta shati. "Baba Hildegardi, tuliache." Wapi! Sikio la kufa halisikii dawa. Pankras alilipa, akalibeba.

Nyumbani likaanza kunuka matope ya ziwa, na kila Pankras alipokaza uzi ukalegea, akikaza unalegea, akilaani unalegea, na mchana kweupe maji yakachuruzika kutoka tumboni mwa besi, na Kunigunda akayafuta kwa kanga yake, akaikamua, akafuta tena, huku kitu mle ndani kikivuma polepole kama mtu anayekumbuka wimbo.

Jumamosi wakamwita mganga, mzee Wendelin. Alifukiza, akanuiza, besi likakauka likanyamaza.

"Ametoka," alisema.

"Shikamoo, mzee, asante!" alisema Pankras. "Ametoka kwenda wapi?"

Wendelin alikuwa ameshafika mlangoni. "Mliniita nimtoe tu."

Jumapili besi halikutoa hata mlio. Pankras alilivuta, akalipiga kofi, akataka kulia mbele ya Askofu. Kazi bure! Akakata tamaa, akainua mkono kwaya ianze.

Kunigunda, wa sauti ya kwanza, ile nyembamba, alifungua kinywa. Ikatoka sauti ya mwanamume, nzito, pana, hata mabenchi yakatetemeka.

"Sauti ya nne hiyo!" mtu alipaza nyuma. Kanisa zima likapiga vigelegele.

Pankras peke yake, aliyesimama mbele ya kwaya akimtazama usoni, ndiye aliyeona. Mkewe alikuwa akilia, maji ya matope yakimtoka kinywani, na kwa mikono yote miwili alijaribu kuyafunga mataya yake, yakakataa.