Huyu wa Magwagwa

Mokeira aliacha kupokea simu za Haron kwa sababu ya mlango wa kabati. Hakukuwa na mwanamke mwingine. Mlango tu.

Walikuwa wamekutana Daraja Mbili siku ya soko, Mokeira akiwa na gauni la njano, anaita wateja juu ya rundo la mitumba. Haron, fundi wa mbao, alichagua fulana ya pamba, akaivuta, akainusa, akairarua papo hapo.

"Wee bwana, umelipa?"

"Nalipa. Natafuta matambara ya kupangusia rangi ya mbao. Nailoni haifai."

"Fulana ya kuendea kanisani unaifanya tambara?"

"Mrembo, ningejua imeokoka ningeiombea kwanza."

Mokeira alicheka. Haron akawa anarudi kila soko kununua matambara asiyoyahitaji.

Mapenzi yao yaliingia polepole, kama rangi ya mafuta kwenye ubao mkavu. Unapaka, unangoja ubao unywe, kisha unapangusa kilichobaki juu kabla hakijaanza kunata. Haron aliupenda wakati ule wa kungoja. Mistari ya mti huamka mmoja mmoja, ubao mweupe ukawa wa asali, kisha wa chai ya rangi, na harufu ya mafuta ikakulevya kidogo. Hapo ndipo alipomwona akilini Mokeira akifungua kabati lile, nyumbani kwao wawili, akitundika gauni la njano. Alikuwa akilitengeneza ili ampose nalo. Hakuwa amemwambia.

Tena Haron alikuwa na tabia moja: kila ubao kwake ulikuwa mtu. Aliuita "huyu", na wenzake karakanani walishazoea. Mokeira hakuwahi kumwona kazini.

Mchana mmoja alipiga simu, na mikono ya Haron imejaa rangi.

"Umekula, mpenzi?"

"Bado, malaika. Ganya, ngoja kidogo, nitakupigia."

Kidole chenye mafuta kiliteleza, simu haikukatika. Akamgeukia Gibson, fundi mwenzake.

"Huyu wa Magwagwa nimechoka naye. Nimempaka mafuta, bado ana mabaka usoni."

"Mpige msasa."

"Nimempiga mpaka basi. Namtoa. Natafuta mwingine laini."

Aliyesemwa ni mlango wa kabati, wa mbao za saiprasi zilizonunuliwa Magwagwa. Lakini Mokeira naye kwao ni Magwagwa, na chunusi zilikuwa zimemwachia alama mashavuni.

Jioni Haron alipiga, hakupokelewa. Kesho yake akaikuta nafasi ya Mokeira sokoni tupu. Alipiga mpaka akaona aibu, ndipo ujumbe ukaingia: "Wa Magwagwa amerudi Magwagwa. Tafuta huyo mwingine laini."

Aliusoma, akautazama mlango.

"Gibson, nimeharibu."

"Mlango?"

"Mtu."

Asubuhi iliyofuata aliupiga mlango msasa upya, akaupaka tena, na kwa haraka akasahau kuupangusa. Yeye, wa kuwafokea wengine kwa kosa hilo. Akaufunga kwenye pikipiki, akapita katikati ya mashamba ya chai, ukungu ukifunguka mbele yake na kujifunga nyuma, naye kama mtu anayeendesha usingizini.

Mokeira alikuwa uani kwa mama yake, anaanika maharagwe, amevaa lile gauni la njano.

"Umekuja kunipiga msasa?"

"Nimekuja na niliyemsema. Huyu ndiye wa Magwagwa."

Mokeira alichungulia nyuma ya pikipiki. "Huyu nani?"

"Mlango."

"Haron, mlango ni 'huyu'? Shuleni ulisoma nini?"

"Niliacha mapema. Mti kwangu ni mtu."

Mokeira alikaza mdomo, lakini mabega yalikuwa yameanza kumtikisika. "Na mabaka yake?"

"Yapo. Saiprasi hunywa rangi anavyotaka yeye. Ujinga ulikuwa wangu, kutaka aliye laini."

"Mlango wa nini?"

"Wa kabati lako. Kwetu. Ukikubali."

Haron aliushusha mlango, akaushika kifuani. Mokeira aliweka kiganja juu yake.

"Ganya, bado ananata—"

Alikuwa amechelewa. Mokeira alimkumbatia yeye na mlango pamoja.

"Mwache," alisema begani mwake. "Atakauka."

Mapatano yale yaligharimu gauni moja la njano, shati moja la fundi, na nafasi ya Mokeira Daraja Mbili, ambayo muuza viatu alikuwa ameshaichukua na hakuirudisha. Mlango nao ulibaki na alama ya kiganja cha kulia, na Haron hakuipiga msasa.