Diski Nusu kwa Nusu

Jua lilikuwa linazama nami najiandaa kufunga ofisi, mjane wa mwalimu mkuu akaingia na kompyuta ya marehemu mumewe, ameikumbatia kifuani.

"Fundi, niwekee humu mfumo kama wa simu yangu, ndio ninaoujua. Lakini ule wa zamani usiuguse. Mume wangu yumo humo."

"Picha zake?"

"Yumo," alirudia. "Nasubiri hapo nje."

Sikumcheka. Mfiwa haulizwi maneno. Kazi yenyewe ni nyepesi: unaigawa diski vipande viwili, mfumo wa zamani unabaki upande wake, mpya unakaa wa pili, na ukiwasha kompyuta unachagua unaoutaka. Ila kwanza unahifadhi nakala ya kila kitu. Mimi, mjuaji wa mtaa mzima, nikairuka hatua hiyo. Nilitaka kuwahi nyumbani.

Nikaigawa diski nusu kwa nusu. Asilimia kumi... ishirini...

Kiti changu kikagusa ukuta wa nyuma.

Nikasogea mbele, meza ikanigusa tumbo. Nikajisemea, fundi, punguza kitambi. Kisha nikaiona rafu ya kushoto, ambayo siku zote siifikii mpaka nisimame. Ilikuwa begani kwangu.

Asilimia arobaini. Harufu ya chaki ikajaa chumbani, kavu, ya kukwaruza koo.

"Umenibana..."

Sauti ya mwanamume, ya taratibu. Ilitoka kwenye spika za kompyuta ile. Spika nilizokuwa nimezing'oa kuzisafisha, zimelala mezani bila waya.

"Nani wewe?"

"Sogea... umenibana."

Nikaukimbilia mlango. Unafungukia ndani, na meza ilishaukandamiza. Nikapiga ukelele, "Mama! Nisaidie!" Kutoka nje nikamsikia mjane akisema kwa upole, kama anayembembeleza mgonjwa:

"Vumilia, mume wangu. Fundi anakutengenezea nafasi."

Asilimia sitini. Kuta zikanishika mabega yote mawili. Niliogopa, sifichi, nililia kama mtoto. Kazi yetu ina mwiko mmoja: diski ikiwa inagawanywa, usikate umeme. Ukikata, vyote vimepotea. Na nakala sikuwa nayo.

"Usikate," sauti ikaninong'oneza, sasa sikioni kabisa. "Nina mke."

Na mimi nina mke.

Nikachomoa waya. Nikang'oa betri.

Kimya... Mlango ukafunguka wenyewe. Chumba kilikuwa kipana kama siku zote, meza iko mahali pake. Mjane akaingia, akairudisha betri, akabonyeza kuwasha. Kioo kikabaki cheusi. Akakitegea sikio kwa muda mrefu. Hakunitukana. Heri angenitukana.

"Hayumo," alisema. Kisha akanitazama kifuani, si usoni. "Umempeleka wapi, fundi?"

Tangu jioni ile pumzi zangu zinaishia nusu. Daktari kanipima, anasema mapafu ni mazima, nipunguze mawazo. Nimejaribu.

Jana tulikuwa tumekaa kwenye kochi baada ya chakula. Mke wangu akanisukuma kwa kiwiko, anacheka.

"Sogea basi! Mbona umejibanza huko pembeni? Nafasi yote hiyo ya nani?"

Nikajaribu kusogea.

Sikuweza.