Shaba Iliyogoma Kupitisha Umeme

Kila siku baada ya masomo, Syntiche na Hénoc wa darasa la sita walibaki shuleni kufanya mazoezi, na kila siku Hénoc alimchosha Syntiche. Kazi waliyopewa na mwalimu wao, Madame Agnès, ilikuwa kuwaeleza watoto wa darasa la tatu, kwa hadithi, jinsi umeme unavyozunguka. Balbu yao ikiwaka, wangesimulia tena mbele ya wazazi siku ya sikukuu ya shule. Syntiche alikuwa amekwisha kumwambia mama yake aandae kitenge kipya.

Hadithi aliitunga mwenyewe. Msichana Kunda anatoka nyumbani, yaani kwenye betri, anafika mtaa wa Kamalondo penye taa, yaani balbu, kisha anavuka daraja la Naviundu na kurudi nyumbani, na hapo taa inawaka. Daraja, kipande cha bati, ndilo swichi. Likiinuliwa, safari yote inasimama. Mlinzi wa daraja alikuwa Hénoc, naye aliliinua ovyo ovyo ili tu amwone Syntiche akinuna.

"Weye, acha kuchezea ile daraja! Uko mutoto?"

"Na weye ukwangue ile fil. Madame alituambia tukwangue mafil yote."

Fil yenyewe ilikuwa waya wa kutoka nyumbani hadi Kamalondo, ambao Syntiche aliupata kwa mjomba wake Donat, fundi wa mota. Ulikuwa mwembamba, mwekundu, unang'aa.

"Kukwangua nini?" Syntiche akafoka. "Shaba ni shaba! Nkambo yangu alitumika ku mine mpaka akazeeka. Weye njo utanifundisha shaba?"

Katika mji wao wa migodi, hasa kwa aliye na babu mchimba shaba, kuambiwa hujui shaba ni kama kutukanwa. Hénoc akarudi kwenye daraja lake. Hawakuweza hata kujaribu, kwa sababu Madame Agnès alifungia betri na balbu kabatini. Mazoezini betri ilikuwa jiwe, na balbu kizibo cha chupa.

Siku ya kuwasimulia darasa la tatu ikafika, na Madame akatoa betri na balbu. Watoto wa darasa la tatu walikaa sakafuni wakasikiliza vizuri kabisa.

"Kunda akavuka daraja," Syntiche akasema kwa sauti kubwa, "na taa ikawaka!"

Hénoc akashusha daraja. Balbu ikabaki gizani.

"Haiwake!" mtoto mmoja akapiga kelele, na darasa zima likaangua kicheko.

Syntiche alipandwa na hasira. "Njo yeye, Madame! Ameharibu daraja juu ya kucheza-cheza!"

"Haina miye!" Hénoc akakana, machozi yakimlengalenga.

Madame Agnès akashusha pumzi. Wiki nzima alikuwa akisikia ugomvi wao dirishani. "Mumenichokesha, bote babili! Kunda amekwama mu njia. Mutafute ni wapi." Akampa Syntiche kipande cha waya kinachopitisha umeme vizuri.

Syntiche akauweka moja kwa moja mahali pa daraja, akiwa na uhakika kwamba kosa ni la Hénoc. Giza. Akabonyeza tena kwa nguvu. Giza. Nyani haoni kundule, lakini nyaya nyingine zilikuwa zimekwanguliwa, na sasa hapakuwa na pengine pa kutazama. Akatoa waya wake mwekundu, akauweka ule wa Madame, na Hénoc akashusha daraja. Balbu ikawaka.

Aibu ilimwingia hata masikio yakapata moto.

"Fil ya moteur banaipakaka vernis," Madame akaeleza, akionyesha ile rangi ya kung'aa iliyozuia umeme. "Shaba iko ndani, lakini courant haipite mu vernis."

Syntiche akakwangua ncha za waya wake kwa wembe, akaurudisha. Balbu ikawaka tena, na watoto wakapiga makofi.

"Hénoc, unisamehe. Weye ulisema."

"Nilisema mara mingi," Hénoc akajibu akijifuta pua.

"Musikilize," Madame akasema. "Njia ikikatika, mufuate njia yote, hata pale mulipopita benyewe. Ukianza na muntu mwenye anakuchokesha, utabaki mu giza. Sasa, mutasimulia ku sikukuu. Lakini na ile sehemu ya kukwama, muiseme."

"Yote, Madame?" Syntiche akauliza polepole. "Na ile ya shaba ni shaba?"

"Yote."

"Lakini nkambo atakuja!"

"Muzuri," akasema Madame Agnès. "Tutamuwekea kiti ya mbele."