Namba Moja ya Bi Mkubwa

Haya hayakutoka mbali. Yalitokea nyumba ya pili kutoka hapa, nyuma ya duka la Jaffar la misumari na mabati, na kuta za Voi ni nyembamba. Anayetaka kusikia husikia.

Ijumaa hiyo, mwaka uliofuata mvua kubwa za El Nino, Saadiya aliamka kama siku zote. Akachemsha chai, akamwaga maji uani kulaza vumbi jekundu, akatengeneza jagi la maji ya ukwaju ya kuwangoja wanaume watakaporudi msikitini. Akaliweka pembeni, kisha akaketi mbele ya kompyuta. Mchana mweupe, jua kali, hata kunguru wamenyamaza.

Saadiya alikuwa mke wa pili wa Jaffar. Kwao ni Rukanga, chini ya mlima Kasigau, na kabla ya kusilimu akiitwa Wakesho. Mke wa kwanza, Firdaus, mtoto wa Mombasa, mnene, mzuri, ananukia udi mpaka barabarani, alikuwa amefariki kwa pumu. Mungu amrehemu. Lakini ukweli usemwe: marehemu alipenda ukubwa. Akipita ukumbini, hata pawe papana vipi, humwambia mwenzake, "Nipishe, bi mdogo." Si kwa ukali. Kwa tabasamu. Ndiyo maana ilikuwa ikiuma zaidi.

Hata kompyuta zilipoletwa, waanze kuchapa kadi za harusi na barua za watu, ukubwa uliingia humo. Fundi Makau aliziunganisha kwa waya mmoja mweusi uliotoboa ukuta, kutoka chumba cha Firdaus mpaka cha Saadiya, ili zitumie printa moja. Akaeleza kwamba kila mashine lazima ipewe namba yake ya kudumu, ndipo zijuane humo ndani ya waya. Namba yenyewe ndefu kama simu ya Uarabuni, ila nyumbani inayotofautiana ni ile ya mwisho tu. Mashine yenye printa, ya Firdaus, ikawa moja. Nyingine ikawa mbili.

"Mbona mimi mbili?" Saadiya aliuliza.

Firdaus alicheka mpaka bangili zikalia. "Na ulitaka uwe ngapi, mwanangu?"

Alipokufa, mashine yake iliuzwa kwa mfanyabiashara wa Njukini. Makau aling'oa kwanza kile kipande cha ndani kinachoshika waya, kadi wanaiita, maana mnunuzi hakuihitaji, akaitupa kwenye mkebe mtupu wa mafuta ya Kimbo pamoja na skurubu. Printa ikahamia kwa Saadiya. Faiza, dada yake Jaffar, akaletewa mashine yake chumbani kwake, waya ukaongezwa mpaka huko, akapewa tatu.

"Sasa wewe ndiwe moja," Makau akamwambia Saadiya, akaandika.

Mashine ikakataa. Kikatokea kijisanduku cha Kiingereza: namba hii inatumiwa na mashine nyingine. Ukikifunga, ukiandika tena, kinarudi. Printa kimya. Makau akahangaika, akatoka jasho, mwisho akawa kila akiitwa yuko Taveta. Wateja wakahama. Ndipo Jaffar alipokohoa na kusema, "Ikikataa mpaka Ijumaa nafunga kazi. Faiza apangishe vyumba hivi, chako na cha marehemu. Nawe ukapumzike kidogo kwenu Rukanga."

Kupumzika! Wanawake wa mtaa wanajua. Anayepelekwa kupumzika harudi. Anafuatwa na sanduku lake tu.

"Rudi kwenye mbili yako, wifi," Faiza alimnong'oneza jikoni. "Ndiyo uliyoandikiwa."

"Aliyeniandikia ni Makau, wifi, si Mungu."

Basi Ijumaa ikafika. Adhana ikaisha, wanaume wakaenda kuswali, Faiza akaenda kwa shoga yake. Nyumba ikatulia. Saadiya alikuwa na lake moyoni: aliamini ni Faiza aliyejipa moja kwa siri. Akaenda mpaka kwenye mashine ya wifi yake, akaichomoa kwenye waya. Akarudi. Akaandika moja.

Kijisanduku kikatokea.

Akakitazama. Katika waya ule sasa ilibaki mashine moja tu, yake. Anagombana na nani?

Safari hii alikisoma mpaka chini. Palikuwa na mstari wa herufi na tarakimu, ile Makau aliyoiita namba ya kuzaliwa ya kadi. Kila kadi hutoka nayo kiwandani, na hakuna mbili zinazofanana duniani. Mashine inayong'ang'ania moja ilikuwa imejitaja.

Saadiya akafunua mkebe wa Kimbo. Akaitoa kadi ya marehemu, akaigeuza. Ilikuwa na kibandiko chenye namba yake. Akalinganisha herufi kwa herufi.

Zilikuwa zile zile.

Kadi iko kiganjani mwake. Na kadi hiyo hiyo iko kwenye waya.

Harufu ya udi ikaingia. Taratibu. Inatoka kwenye tundu la ukuta, chumba cha Firdaus, kilichofungwa kufuli tangu matanga.

Akaushika waya, akauvuta. Ukaja kidogo. Ukasimama.

Ukavutwa kurudi. Polepole. Kwa adabu.

"Nipishe."

Sauti ndogo. Ndani ya tundu.

Mwingine angetimua mbio mpaka stesheni bila viatu. Miguu ya Saadiya iligeukia mlango, siwezi kudanganya. Lakini mdomo wake haukuzaliwa tumbo moja na miguu. Akauzungusha waya kwenye kifundo cha mkono.

"Sipishi."

Waya ukakaza. Bangili zikalia upande wa pili.

"Nipishe, bi mdogo."

"Bi mdogo wa nani? Nani alikukanda kifua ulipokosa pumzi? Nani alikufunga kidevu kwa leso yake? Sipishi, Firdaus. Vuta."

Ukavutwa. Ngozi ikachanika. Damu. Hakuachia.

Ndipo akamkumbuka bibi yake wa Rukanga. Bibi alikuwa akisema kinachowasumbua watu ni hasira iliyobaki kifuani, ya mzima au ya mfu, na dawa yake ni kutasa: unajaza mdomo, unapuliza nje, unatamka maneno. Wazee hutumia pombe ya miwa. Saadiya alikuwa na ukwaju. Akavuta jagi kwa mkono uliobaki, akajaza mashavu, akaupulizia ukuta. Pfuuu!

"Hasira yangu hiyo, nimeitema. Sikufukuzi, nyumba ni yako pia. Mbili iko wazi. Nimeikalia mimi miaka yote, haina kunguni. Ikalie. Lakini moja huipati. Hata nife leo tukutane huko uso kwa uso, huipati!"

Waya ukalegea.

Akaandika moja. Akaizima mashine, akaiwasha. Kijisanduku hakikuja. Printa ikakohoa, ikaanza kutema kadi za harusi.

Sasa hapo angeshukuru Mungu akanyamaza. Lakini Saadiya! Makau alikuwa amewafundisha namna ya kubisha hodi kwenye namba, kujua kama ina mtu. Akabisha kwenye mbili, ambayo haikuwa na mashine nyumba nzima.

Ikajibu.

Akabisha tena. Ikajibu.

Akacheka mpaka machozi, damu ikimchirizika kiwikoni. "Karibu," akanong'ona. "Karibu, bi mdogo."

Jaffar hakufunga kazi, na safari ya Rukanga haikutajwa tena. Siku alipofungua chumba cha marehemu kipakwe rangi, alikuta doa la ukwaju kuzunguka tundu, limetawanyika kama upepeo. Saadiya alipuliza upande wake. Doa hili lilikuwa upande wa marehemu, kama mtu wa humo naye amepuliza yake kuja huku. Walipaka rangi. Lilirudi.

Baadaye Makau alileta mashine nyingine, akataka kuipa mbili. Kijisanduku kikatokea.

"Ipe nne," Saadiya alisema bila kuinua macho. "Mbili ina mwenyewe."

Makau akacheka, akaingiza mkono kwenye mkebe wa Kimbo atafute skurubu. Akautoa upesi. Kadi ya marehemu, aliyoirudisha Saadiya, ilikuwa humo, haina waya, haina umeme, ina joto kama yai lililotagwa sasa hivi. Na kijitaa chake cha kijani kilikuwa kinapepesa polepole, kama jicho la mtu anayengoja zamu.