Niliacha Kuchukua

Muthoki alikuwa akifuta ubao, kama ilivyokuwa kazi yake kila Jumatatu, wakati mwanamke asiyemjua alipoingia darasani. Wanafunzi wa Gredi ya Sita katika shule moja ya mtaa wa Mbotela wakasimama kumsalimu.

"Mimi ni Mwalimu Apondi. Nitawafundisha Kiingereza. Nani ana ufunguo wa kabati?"

Muthoki, kiranja wa vitabu, akalifungua. Mwalimu akatafuta kamusi kubwa ya Kiingereza ya darasa; haikuwemo.

Mwalimu alimkazia macho, kisha akamuuliza kwa Kiingereza kama ni yeye aliyeichukua. Muthoki akajibu kwa wasiwasi, "I stopped to take the dictionary on Friday."

"Waah, amejichoma!" Muoki akacheka kutoka dawati la nyuma. "Niaje, mwizi wa maneno!"

Ummulkheir, waliyeketi naye dawati moja, akausogeza mkoba wake mbali. Jambo hilo lilimuuma Muthoki kuliko kicheko.

"Lete ufunguo," mwalimu akasema akinyoosha mkono. "Umekiri mwenyewe. Huwezi kuwa kiranja wa vitabu."

"Sijakiri, Mwalimu! Nimesema niliacha kuchukua! Nilikuwa nikienda nayo nyumbani kusoma. Ijumaa mwalimu wetu wa zamani alinikataza, nikaacha."

Mkono wa mwalimu ulishuka polepole. Akaandika ubaoni: *I stopped to take. I stopped taking.*

"Ya kwanza ni 'nilisimama ili nichukue.' Ya pili ndiyo 'niliacha kuchukua.' Si kila 'ku' ya Kiswahili ni 'to', Muthoki."

"Na kamusi iko wapi?" Muoki akauliza, bado akimtazama Muthoki kwa jicho la pembeni.

Walikuwa wangali wakitazamana hivyo mwalimu mkuu alipoingia na kamusi mkononi. Alikuwa ameitoa kabatini kwa ufunguo wake, ikashonwe jalada lililochanika.

Ummulkheir aliinamisha kichwa. "Pole, Muthoki."

"Mimi nitakuomba radhi kesho gwarideni," Mwalimu Apondi akasema.

"Hapa panatosha, Mwalimu. Watakucheka, na wewe ni mgeni."

"Nilikushuku mbele ya watu. Nimeahidi."

Asubuhi iliyofuata mwalimu alisimama jukwaani mbele ya shule nzima, akaeleza yote. Kicheko kilipanda kutoka mistari ya nyuma. Hata walimu wawili walikonyezana. Lakini yeye hakushuka jukwaani.

"Jifunzeni kutumia vitenzi vizuri, maana neno dogo linaweza kumfanya mtu mwaminifu aonekane mwizi. Na sisi tunaosikiliza, tuulize kwanza kabla ya kuhukumu. Muthoki, nisamehe."

Akasubiri hapo hapo, huku akichekwa, mpaka Muthoki alipoitika, "Nimekusamehe, Mwalimu."